Wajuzi wa Kiingereza, maladjusted na maladapted zinatofautianaje? Nina haraka

Baba Wawili: Wakuu habari za jioni. Naandika barua mtoto ahamishwe shule, yenyewe ni ingilishi midiamu wanataka barua ya Kiingereza. Dogo hajazoea kabisa, hali chakula, haongei na mtu. Niweke ipi? Kesho asubuhi inatakiwa.

Mzee wa Kamusi: Maladapted iko kibaiolojia zaidi, kiumbe na mazingira haviendani. Kasa wakitotolewa usiku hufuata upande wenye mwanga, zamani ilikuwa bahari, siku hizi ni taa za hoteli wanaishia nchi kavu wanakufa. Maladjusted ni mtu aliyeshindwa kuendana na wenzake, na hapo chunga sana, Uingereza kuanzia 1945 lilikuwa jina rasmi la kundi mojawapo la watoto wa elimu maalum, sheria ya 1981 ndo ikafuta makundi yale. Ukimwandikia dogo umembandika lebo.

Fundi Breki: Kwetu gereji breki ikikazwa vibaya ndo maladjusted. Kuna mteja nilimwambia akabisha, tukamtoa mtaroni

Shangazi Mkali: Anahamia wapi?

Baba Wawili: Kwa bibi yake Kasulu. Naomba tujikite kwenye mada.

Shangazi Mkali: Bibi wa upande gani?

Baba Wawili: Mzaa mama. Haya, mke wangu nilimkuta naye, msinianze. Bibi keshakubali, nauli nishatuma, kule hewa nzuri na atatulia.

Shangazi Mkali: Nilijua tu!! Na mama yake anasemaje?

Baba Wawili: Nitamwambia barua ikishapokelewa.

Ngosha Mpole: Mkuu mimi nimelelewa na baba wa kambo, alikuwa haongei ila ada haikuchelewa hata siku moja na leo nikipata shida nampigia yeye kabla ya mzee wangu wa damu, we unampeleka Kasulu kisa hali?

Mlokole Og: Martin Luther King 1967 aliwaambia wanasaikolojia wa Marekani yapo mambo ambayo hatakiwi mtu kuyazoea, kama ubaguzi. Mtoto kagoma kuzoea ubaguzi wa nyumbani kwako.

Kinyonga: Chai hii jamani. Huyu mwezi uliopita alileta uzi wa mbwa wake anayetoa udenda akisikia kengele, lile jaribio la kwenye vitabu vya saikolojia. Ni mwanachuo, anatufanyisha asaimenti ya saikolojia.

Baba Wawili: Mbwa alikuwa wa jirani.

Fundi Breki: 😂😂😂

Mtoto wa Bumu: Mwenye majibu kamili aje inbox, yetu tunakusanya Ijumaa