Kikundi cha Ukoo, Langoni

Mwanaisha: Asalaam alaykum. Jana jioni Zuheri nimempa uji wa maziwa ya ng'ombe, vijiko vitatu tu. Midomo ikavimba, vipele hadi mgongoni. Daktari anasema ni mzio wa maziwa. Sijalala.

Bibi Khadija: Waalaykum salaam mjukuu wangu. Pole. Mpe ya mbuzi, nyote mmekua kwa hayo.

Salma (Torino): Shikamoo Bibi. Ya mbuzi asipewe! Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, mtoto kama huyu karibu kila mara humdhuru vilevile. Huku Italia wengine hupewa ya punda.

Ami Athman: 😂😂😂 Punda! Lamu nzima anatubebea mchanga na matofali, nani aliwahi kumkamua?

Salma: Cheka tu Ami. Ile inayoganda ukitia ndimu kwenye maziwa ndiyo kaseini, mojawapo ya protini zinazoleta mzio huu. Kwa ng'ombe ni kama asilimia 80 ya protini yote. Kwa punda ni kama nusu, karibu na ya mama. Halafu protini yenyewe haba: gramu 1.5 hadi 1.8 kwa mililita 100, ng'ombe hupita 3. Ukiyaona ni mepesi kama yametiwa maji.

Fahadi: Mimi nikinywa maziwa tumbo huvuruga. Ya punda yatanifaa?

Salma: Wewe shida yako ni sukari ya maziwa, si protini. Ya punda ina sukari kushinda ya ng'ombe. Utahamia chooni.

Fahadi: 🙈

Mwanaisha: Salma nijibu mimi. Nitafute punda?

Salma: Ngoja. Hapa Torino walijaribiwa watoto 46 wenye mzio huu, matokeo yakatoka 2007. 38 waliyavumilia, 8 hawakuweza. Kwa hiyo hayajaribiwi nyumbani, ni mbele ya daktari. Na mafuta yake ni kidogo sana, mtoto wa miezi minane akiyategemea peke yake hanenepi. Huku huongezwa mafuta.

Ami Athman: Na mimi niseme langu. Punda wa kufugwa aliharamishwa siku ya vita vya Khaibar, zama za Mtume, na kwa maulamaa wengi maziwa hufuata nyama. Kabla ya kumkamua mtu aulize.

Bibi Khadija: Na huyo mtoto wa punda anywe nini?

Salma: Bibi umenena. Punda hatoi maziwa bila mtoto wake kuwa karibu, na kwa siku unapata lita moja au mbili tu. Ndiyo maana huku bei yake ni moto.

Mwanaisha: Daktari ametaja maziwa ya kopo ambayo protini zake zimekatwakatwa.

Salma: Anza na hayo, sikiliza daktari. Na kunyonyesha usiache. Ila muulize kama na wewe uache maziwa, mtindi na siagi, maana hupita kwako yakamfikia.

Mwanaisha: Hata chai ya maziwa???

Salma: Hata hiyo.

Bibi Khadija: Yallah. Mtoto huyu.

Ami Athman: Kunywa strungi, haijamuua mtu.

Mwanaisha: Na mahamri je? Bibi huyakanda kwa nini?

Bibi Khadija: Kwa tui, tangu lini nikatia maziwa mimi?

Mwanaisha: Alhamdulillah 😭 Niwekee manne, naja saa kumi.

Fahadi: Na mimi.