Mama anakuja Berlin: VE, pa kulala na pa kumtembeza

Mwanahawa:
Assalaam aleikum na habari za jioni wote. Naombeni msaada jamani nimechanganyikiwa. Mama yangu anakuja kutoka Lindi mwezi wa saba Mungu akijaalia, hajawahi kupanda ndege maisha yake yote, mwaliko nimeshaandika, leo nikaenda kuchukua VE (Verpflichtungserklärung, ile hati ya kuahidi kubeba gharama za mgeni) ofisi ya wageni ya mji ninaokaa huku Bavaria. Euro 29 nimelipa, Lohnabrechnung (karatasi za mshahara) za miezi mitatu nimepeleka, Mietvertrag (mkataba wa nyumba) nimepeleka, yule mama wa dirishani kanitilia tiki kwenye "glaubhaft gemacht" (uwezo unaaminika) badala ya "nachgewiesen" (uwezo umethibitishwa). Namuuliza kwa nini, ananiambia mshahara unatosha ila mkataba wako wa kazi ni befristet, wa muda maalumu, mwingine aingie. Sasa kuna mtu alishapeleka VE ya hivyo Dar na viza ikatoka? La pili, wiki ya kwanza tutalala kwa mdogo wangu Neukölln, hapo Berlin, je kule napo kuna karatasi ya kujaza? Na mnishauri pa kumpeleka Berlin, nguruwe hali na magoti yanamsumbua.

Kibwana:
Pole sana dada. Sisi kwa mama mkwe walitupa nachgewiesen palepale maana mimi ni unbefristet, kilichotukwamisha ni bima, wakala wa Dar alituuzia ya pesa ndogo wakati Schengen wanataka iwe ya euro 30,000 kwenda juu, ikabidi tukate nyingine usiku usiku. Mimi nakushauri mdogo wako aandike VE mpya kwa anwani yako, aichukulie LEA, ofisi ya wageni ya Berlin, wamezoea wageni.

Joakim (Leipzig):
Kibwana acha kumpotosha mwenzio. VE kila mtu anaichukulia kule alikofanya Anmeldung (alikoandikisha anwani yake), LEA hawana habari na anwani ya Bavaria. Mdogo mtu akitaka aandike kwa jina lake, kwa anwani yake na kwa mshahara wake, lakini hapo mwaliko nao inabidi ubadilike uendane.

Pa kulala: mgeni wa viza akikaa kwa ndugu haendi Bürgeramt (ofisi ya kuandikisha wakazi), Anmeldung inamhusu akipitisha miezi mitatu na mama hafiki huko. Akilala hoteli ndiyo atajaza Meldeschein (fomu ya mgeni), Wajerumani walifutiwa tangu Januari 2025 lakini sisi wenye pasi za nje bado tunajaza, na juu ya bei ya chumba weka 7.5% ya City Tax, kodi ya jiji kwa wageni, ilikuwa 5 wakapandisha mwaka huohuo. Wale wanaokodisha vyumba mtandaoni mwangalie kama tangazo lina Registriernummer (namba ya usajili), kama halina achana nalo, msije mkafika na mabegi mkakuta mlango umefungwa.

Kibwana:
Nilichosema mdogo wake aandike. Ndicho ulichorudia wewe kwa maneno mengi.

Bi Zainab:
Mwanangu Mwanahawa, waache hao wanaume wabishane. Mama akifika Neukölln mshukuru Mungu, kwa chakula yuko nyumbani. Mtaa wa Sonnenallee wote ni Waarabu, nyama ni halali, kuku wa kuchoma, wali, maharage, mkate wa moto. Currywurst, soseji ya mchuzi, mwepushe maana nyingi ni nguruwe. Jumanne na Ijumaa mpeleke soko la Waturuki pale Maybachufer, mwende jioni jioni wakikaribia kufunga, utawasikia wanapiga kelele "ein Euro, ein Euro!" na kijana anakumiminia maembe kwenye mfuko kabla hujasema ndiyo, mengine yamelainika upande mmoja lakini kwa juisi yanafaa sana. Bamia, pilipili mbuzi na nazi ya barafu utapata kwenye maduka ya Waasia, unga wa sembe panda treni ya chini ya ardhi U6 mpaka Wedding kwenye afro shop. Mimi mama yangu alipokuja siku tatu za mwanzo hakula kitu cha maana, ni chai tu na mkate, nilipompikia ugali na samaki ndiyo akaanza kucheka na wajukuu. Marehemu sasa, Mungu amrehemu. Mtu ukiwa na mama mpikie.

Mwanahawa:
Amin Bi Zainab, asante sana. Ila kuhusu glaubhaft gemacht jamani, naomba mwenye uzoefu anijibu.

Shukuru:
Umesema mama ni wa Lindi? Basi usimpotezee muda kwenye Fernsehturm (mnara wa TV), mpeleke Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe, U6 inashusha hapohapo. Ule mjusi mkubwa wa ukumbini ametoka kwao, Tendaguru, walichimba 1909 mpaka 1913, urefu wake unapita mita 13 kwenda juu na ndiyo mifupa halisi ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Ile mifupa hawakuibeba Wajerumani. Walibeba babu zetu vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, tani zaidi ya 200, na hiyo ni miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji, watu wametoka kwenye njaa. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, huyo ndiye aliyekuwa na mkono wa kutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Mtajie mama jina hilo mkiwa mmesimama pale chini. Mimi nikiingia pale moyo unaniuma, Lindi hawana hata kidole cha yule mnyama.

Joakim (Leipzig):
Hapo nakuunga mkono. Halafu U6 hiyohiyo mnaendelea mpaka Afrikanische Straße, kuna mitaa ya Sansibar, Tanga, Usambara, mpitie na Petersallee.

Shukuru:
Petersallee haipo ndugu yangu! Tangu Agosti 2024 kipande kimoja ni Maji-Maji-Allee na kingine Anna-Mungunda-Allee. Watu wamepigania hilo miaka na miaka, tusiendelee kumtaja yule mkoloni Carl Peters. Na hapo Neukölln ipo Lucy-Lameck-Straße, zamani ilikuwa ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, wakabadili 2021. Mama wa umri huo Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa zamani, anamjua vizuri, mpige picha chini ya kibao.

Kibwana:
Majina ya mitaa sawa, lakini kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Maji Maji, kiko wapi? Wajerumani walimnyonga 1906. Rais wao Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya familia, na familia bado inasubiri. Na serikali yetu nayo iseme kwa sauti, hayo si ya kuachia wajukuu peke yao.

Bi Zainab:
Kweli kabisa Kibwana. Mtu azikwe kwao.

Shukuru:
Mwanahawa, kwa magoti ya mama tumieni basi namba 100, inatoka Zoo mpaka Alexanderplatz, inapita Bundestag (bunge lao) na barabara ya Unter den Linden, ni tiketi ya kawaida, pandeni juu mkae mbele. D-Ticket yako, ile tiketi ya mwezi, haimbebi mama, mkatie yake na mgonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, faini ni euro 60. Toka uwanja wa ndege tiketi iwe ya kanda ABC, si AB. Bundestag kupanda kubani ni bure na lifti ipo, ila jina mliandikishe mapema na mama abebe pasi yenyewe. Naturkunde Jumatatu wanafunga, makumbusho ya Humboldt Forum wanafunga Jumanne, kwa hiyo Jumanne mjusi asubuhi, jioni mnashukia Maybachufer kwa Bi Zainab.