Tufanyeje ili tamasha la utamaduni wa Kichina lifundishe, lisiishie kwenye mapambo?

MratibuWaSanaa

Salaam kwenu wote. Mimi ni mwalimu wa sanaa ninayejitolea katika kituo cha jamii ambacho kila mwaka, karibu na Mwaka Mpya wa Jadi wa Kichina, huwa na siku moja ya kusherehekea utamaduni wa China. Wanaokuja ni familia zenye asili ya Kichina, majirani zao, na watoto wengi wa kati ya miaka sita na kumi na miwili. Safari hii nimekabidhiwa uratibu wa siku nzima, nami naomba ushauri mapema kwa sababu mwaka jana tuliteleza vibaya.

Ukumbi tuliupamba kwa maua meupe ya karatasi, ambayo watoto walikuwa wameyakunja kwa wiki mbili, na mwishoni tukawazawadia waliojitolea saa ndogo za mezani. Hakuna aliyelalamika. Nilimwona tu bibi mmoja, aliyekuja na wajukuu zake, akisimama mlangoni na kuyatazama yale maua kwa muda, kisha akamshika mjukuu mkono wakaenda kukaa viti vya nyuma kabisa. Ilipita miezi ndipo mwanawe aliponieleza kwa upole kwamba maua meupe ni ya msibani, na kwamba Wachina wengi hawapeani saa za mezani wala za ukutani, kwa kuwa maneno ya kumpa mtu saa, *sòng zhōng*, hutamkwa sawasawa na maneno ya kumhudumia mzazi katika dakika zake za mwisho na kumzika. Niliona haya sana. Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, ni kufikiri kwamba wale watoto walitumia wiki mbili wakijifunza kukunja karatasi bila kujifunza lolote kuhusu watu waliokuwa wakiwasherehekea.

Tuna ukumbi mmoja mkubwa, vyumba vitatu vidogo na muda wa saa sita. Wenzangu wanapendekeza vituo kumi na viwili vya dakika kumi kumi, ili kila mtoto aonje kila kitu: mwandiko, ukataji wa karatasi, nyuso za opera, lugha, ngoma ya simba na kadhalika. Mimi nasita. Wenye uzoefu, mnaonaje?

WinoNaBrashi

Mwalimu, pole kwa yaliyokufika. Nimewafundisha wanaoanza mwandiko wa brashi wa Kichina kwa miaka kadhaa, na kuhusu vituo kumi na viwili jibu langu ni hapana. Dakika kumi hazitoshi hata kumwonyesha mtoto namna ya kushika brashi. Brashi husimama wima juu ya karatasi, kiganja kikiwa na uwazi ndani kana kwamba kimeshika yai, na mwendo hutoka kwenye bega na kiwiko badala ya ncha za vidole. Mtoto akikandamiza, mstari unanenepa, akiinua, unakonda, akisitasita, wino unatambaa na kuacha doa, kwa sababu karatasi ya Xuan, inayotengenezwa mkoani Anhui kwa magome ya mti na mabua ya mpunga, hunywa wino papo hapo. Hakuna kufuta. Mtoto akilielewa hilo kwa mkono wake mwenyewe, atakuwa ameelewa kwa nini Wachina wameuhesabu mwandiko kuwa sanaa kubwa, wala hutahitaji kumhutubia.

Ningechagua herufi moja tu: 永, inayosomwa *yǒng*, yenye maana ya "milele". Ukiihesabu ina mistari mitano, lakini ndani yake mna miondoko minane ya msingi ya brashi, kuanzia nukta ya juu hadi mfyeko wa mwisho unaoshuka kulia, na ndiyo maana walimu wameitumia kwa karne nyingi kuwafundishia wanaoanza. Wang Xizhi, anayeheshimiwa kuliko wote katika sanaa hii, aliandika mwaka 353 dibaji ya mashairi yaliyotungwa na marafiki waliokusanyika mahali paitwapo Lanting, na herufi ya kwanza kabisa ya dibaji hiyo ni hii hii. Maandishi yake asilia hayapo tena. Tunayajua kwa nakala zilizofanywa na mafundi wa enzi ya Tang, karne kadhaa baadaye, na picha ya nakala mojawapo ukiibandika ukutani, watoto watalinganisha *yǒng* yao na ile bila kuambiwa.

Waingie kumi kumi, dakika arobaini kila kundi. Dakika za mwanzo kila mmoja asage kijiti chake cha wino mkavu juu ya jiwe, kwa maji kidogo na mwendo wa duara, taratibu. Utashangaa jinsi chumba kinavyotulia. Kisha waandike kwa maji matupu juu ya magazeti ya zamani, na mwisho kabisa uwape karatasi moja nzuri. Moja tu, maana ikiwa nyingi hawataijali.

MpigaNgoma

Nitasema kuhusu simba, kwa kuwa nimekaa nyuma ya ngoma katika kundi la simba wa mtindo wa kusini mwa China tangu ujana wangu. Watazamaji huliona vazi na kusikia kelele, wakaondoka wakidhani wameona kila kitu. Ilhali ngoma ndiyo inayosema simba anahisi nini: anapolala mapigo hushuka hadi kukaribia kimya, anapoona kitu cha kumtia shaka tunagonga ukingoni mwa ngoma, na anapopata ujasiri, upatu na matoazi huingia kwa nguvu. Kabla ya onyesho, mpeni mpiga ngoma dakika tano awafundishe watoto hali tatu hizo kwa makofi. Watakapomtazama simba baada ya hapo, watakuwa wanamsoma.

Baada ya onyesho, msimfungie simba kwenye sanduku. Mgeuzeni kichwa, watoto waone kiunzi chake na kamba ambazo mchezaji wa mbele huzivuta ili kope zifumbe na masikio yatikisike, kisha wawili wawili waingie chini ya kitambaa. Yule wa nyuma atagundua mara moja kwamba kazi yake ni kuinama muda wote akiwa amemshika mwenzake kiunoni, na heshima yake kwa wachezaji itapanda. Waelezeni pia kwamba simba huchezwa na watu wawili, bali joka hubebwa juu ya fimbo na watu wengi. Nimechoka kusikia simba wetu akitangazwa kwenye kipaza sauti kuwa joka.

Jambo la mwisho. Kama simba ni mpya, huwa hachezi kabla ya kutiwa nukta za rangi machoni ili "aamke", na brashi hiyo hupewa mtu anayeheshimiwa. Nafasi hiyo hutolewa mara nyingi kwa kiongozi fulani au mfadhili. Mwalimu, mimi ningempa yule bibi.

MkalimaniWaKichina

Nimelelewa katika nyumba ya Kichina, na habari ya maua meupe imenigusa. Mwalimu, usijitese; ungeweza kuisoma miiko yote ukaikariri, na bado ungekosea kwingine. Kilichokosekana ni Mchina mmoja katika kikao cha kwanza. Tumezoea kualikwa siku ya tamasha, tukiwa tumeshapangiwa meza na muda, kuja kutumbuiza kile ambacho wengine wamekwisha kuamua kuwa ndio utamaduni wetu. Nchini China yanatambuliwa rasmi makabila 56, na hata miongoni mwa Wahan, ambao ni zaidi ya tisa ya kila watu kumi, lugha za nyumbani hutofautiana kiasi cha kutosikilizana. Bibi yangu alizungumza Kikantoni, lugha ya kusini, maisha yake yote, na opera ya Beijing ilikuwa ngeni kwake karibu kama ilivyo ngeni kwa jirani yako. Ziulizeni familia zenu zimetoka wapi, ndipo mpange vyumba.

Kwa heshima, sikubaliani na WinoNaBrashi kwa yote. Mtoto wa miaka kumi ataipenda *yǒng*, lakini wa miaka sita atachoka kabla wino haujawa tayari. Huyo mpeni mkasi na karatasi nyekundu. Bibi yangu alikuwa akikunja karatasi mara mbili na kuanza kukata bila kuchora hata mstari mmoja, mkasi ukiwa umetulia mkononi huku karatasi ndiyo inayozunguka, na alipoikunjua palikuwa na samaki wanne. Samaki, *yú*, husikika sawa na neno la ziada, yaani nyumba isipungukiwe mwaka mzima. Ni mchezo ule ule wa sauti uliowaponza kwenye saa za mezani, safari hii ukiwa upande wa baraka. Vivyo hivyo herufi 福, *fú*, ya neema: wengi huibandika kichwa chini, kwa kuwa "imepinduka" na "imefika" hutamkwa sawa, *dào*, ingawa kwetu ile ya mlango mkuu ilibandikwa wima daima. Hapo ndipo pa kufundishia lugha. Mtoto akishajua kwamba *ma* yenye toni, yaani kimo cha sauti, ya juu ni mama na *ma* yenye toni inayoshuka kisha kupanda ni farasi, anaelewa kwa nini watu wa lugha hii husikiliza sauti kwa makini hivyo.

Fikirini tena kuhusu tarehe pia. Mkesha wa mwaka mpya ni wa kukaa na ndugu, na mkiweka tamasha karibu nao mnazikosesha familia moja kati ya mambo mawili. Sikukuu ya Taa, siku ya kumi na tano ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina, ndiyo hasa ya kutoka nje na kuchanganyika na watu, na desturi yake ya kuning'iniza vitendawili kwenye taa ili wapitao wavifumbue ni somo lililokwisha kuandaliwa.

MpenziWaOpera

Nyongeza fupi. Mkiamua kufanya nyuso za opera ya Beijing, simulieni kisa kwanza na rangi zifuate. Nyekundu ni ya jemadari Guan Yu kwa uaminifu wake, nyeupe ya mtawala Cao Cao kwa hila zake, nyeusi ya hakimu Bao Zheng asiyepokea rushwa. Pia visiitwe vinyago: ni rangi inayopakwa usoni penyewe, nayo huwa hasa ya wahusika wa *jìng*, yaani wanaume wenye tabia kali au nzito, na kwa namna yao wachekeshaji. Mwigizaji Mei Lanfang, aliyeipeleka opera hii Marekani mwaka 1930, alikuwa maarufu kwa nafasi za wanawake, ambazo hazina nyuso za aina hiyo kabisa.

MratibuWaSanaa

Nawashukuru kwa dhati. Nimezungumza na wenzangu, nao wamekubali vyumba vitatu: wino kwa wakubwa, mkasi kwa wadogo, na cha tatu cha kutunga vitendawili vya kuning'iniza kwenye taa, kwa Kichina na kwa lugha yetu. Simba atakuwa ukumbini, na makofi yatafundishwa kabla. Nyuso za opera tumeziacha kwa sasa, kwa sababu hakuna miongoni mwetu awezaye kuvisimulia visa hivyo ipasavyo. Tarehe tumeisogeza hadi Sikukuu ya Taa.

Jana nilimpigia simu mwana wa yule bibi kumwomba mama yake aje kwenye kikao chetu cha kwanza. Nilimsikia akimtafsiria, kisha bibi akasema maneno mengi kwa haraka. Anauliza tuna mikasi ya aina gani, kwa kuwa ile ya watoto yenye ncha butu haiwezi kukata magamba ya samaki. MkalimaniWaKichina, bibi yako alitumia mkasi wa namna gani, na je, ni salama mikononi mwa mtoto wa miaka sita?