Boti ya ski ya 1986: stata inagoma, geji zinaruka, injini inazima ghafla. Nianzie wapi?

KasiaMoja
Wadau, naomba msaada. Boti ni ya kuvuta ski, ya Kimarekani, ya 1986. Injini ya ndani V8 lita 5.8, kabureta, distributa bado ya platini (vipande viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme wa koili). Inakaa hori ya Kilifi, kwa hiyo ni maji ya chumvi mwaka mzima. Inanisumbua hivi:

Nikizungusha ufunguo, stata inapiga "tak" moja basi. Nikirudia mara nne au tano inazungusha kama hakuna lililotokea. Nikiwasha blowa (feni ya kutoa mvuke wa petroli chini ya injini) au taa, sindano za geji zinasogea zote kwa pamoja, ya joto, ya mafuta na ya volti. Na baada ya kama nusu saa ya kuvuta, injini inazima ghafla, dashibodi nzima inakufa. Ikipoa dakika kumi inawaka tena.

Betri ni mpya, altaneta pia, na hakuna kilichobadilika. Betri ikipumzika inasoma 12.6, stata ikizungusha 10.4. Injini ikiwa inafanya kazi, blowa na taa zimewashwa, kwenye betri napata 13.9 lakini nyuma ya geji ya dashibodi 11.1, nimepima kwa multimita. Fundi anasema ni swichi ya ufunguo. Ninunue?

Volti12
Usinunue kitu tena. Vipimo vyako vimeshasema karibu kila kitu. 10.4 stata ikizungusha maana yake betri ni nzima (ikishuka chini ya 9.6 ndiyo uanze kuishuku), na 13.9 maana yake altaneta inachaji. Lakini kati ya betri na dashibodi umepoteza volti 2.8. Hizo hazikupotea hewani, zimegeuka joto mahali fulani njiani. Kazi yako ni kupatafuta.

Hupati mahali hapo kwa kupima ohm. Waya uliobaki nyuzi mbili utasoma 0 ohm kama mzima, kwa sababu multimita inapitisha mkondo mdogo mno. Pima volti zinazopotea huku mzigo ukiwa umewashwa. Fanya hivi, blowa na taa zikiwaka na injini ikiunguruma:

1. Probu nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri, nyeusi kwenye waya mwekundu kabla ya soketi kubwa iliyo juu ya injini, ile inayounganisha waya za injini na za dashibodi. Andika.
2. Probu nyekundu kabla ya soketi, nyeusi upande wa pili wa soketi hiyo. Andika.
3. Kutoka hapo hadi waya mwekundu unaoingia swichi ya ufunguo.
4. Probu moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye erthi ya geji huko dashibodi.

Jumla ikikaribia 2.8, swichi ya ufunguo haina kosa; ikipungua sana, zilizobaki zinapotea kwenye swichi au mbele yake. Boti ikiwa juu ya trela, ipe maji ya bomba kabla ya kuwasha, maana impela ya pampu ikizunguka kavu inaungua upesi. Na usiingize gia.

MzeeWaGati
Kabla hajashika probu, afungue kifuniko cha injini na anuse. Petroli kwenye boti haifanani na gari. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya injini na hauna pa kutokea. Blowa dakika nne kabla ya kuwasha, kila mara. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, hata ya blowa: tafuta kwanza panapovuja. Na ukitaka kuchomoa soketi, anza kwa kutoa waya hasi wa betri.

Spana14
Hiyo soketi ipulizie dawa ya kutu, ichomoe na kuichomeka mara kumi, itakaa sawa. Na stata ikikufa, ya gari inaingia, bei nusu.

Volti12
Mkuu Spana14, ya kwanza itampa wiki mbili, ya pili inaweza kulipua boti. Stata, altaneta na distributa za boti ya petroli zimezibwa ili cheche za ndani zisiwashe mvuke wa nje. Ya gari itaingia kwenye boliti zilezile, ndiyo, lakini haina kinga hiyo. Kwenye boti ya injini ya ndani usiifunge.

BaharíaMwekundu
Nakuwekea rangi za waya, ili usifuate waya usio wako. Boti nyingi za Kimarekani za miaka hiyo ziko hivi: nyekundu ni moto wa betri, zambarau ni moto baada ya ufunguo (koili inayotengeneza umeme wa cheche za plagi, na geji), njano yenye mstari mwekundu inakwenda stata, kijivu ni geji ya mzunguko wa injini, kahawia hafifu ni joto la maji, buluu hafifu ni presha ya oili, waridi ni tangi la petroli. Nyeusi ni erthi. Ila boti imeishi miaka mingi na kila fundi ameacha waya wake, kwa hiyo hakikisha kwa multimita. Rangi peke yake isikudanganye.

KasiaMoja
Nimepima. Betri hadi kabla ya soketi: 0.1. Kuvuka soketi: 1.8. Soketi hadi swichi: karibu sifuri. Erthi ya dashibodi: 0.9. Nilipoichomoa soketi, plastiki kuzunguka pini ya waya mwekundu imegeuka rangi ya kahawia, na pini yenyewe ina unga wa kijani.

Volti12
0.1 na 1.8 na 0.9 ni 2.8. Hesabu imefunga, swichi ya ufunguo haina kosa.

Blowa, taa, koili na geji zako pamoja zinakula kama ampea 10. Volti 1.8 mara ampea 10 ni wati 18 ndani ya pini moja. Balbu ya indiketa ya gari ni wati 21, na aliyewahi kuigusa ikiwaka anajua moto wake. Ndiyo maana plastiki imeungua. Pini ikipata moto inatanuka, klipu inayoibana inalegea, mwisho mguso unakatika na dashibodi nzima inazima. Ikipoa inagusa tena. Hizo ndizo dakika zako kumi.

Na "tak" ya stata ni hiyohiyo. Moto wa ule waya wa njano yenye mstari mwekundu unatoka betri, unavuka soketi, unapita ufunguo, kisha unarudi kwenye soketi hadi solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata. Umevuka soketi mbovu mara mbili, unafika umechoka. Sindano zinazocheza pamoja ni ile 0.9 ya erthi: geji zote zinaegemea waya mweusi mmoja, na blowa ikiwaka inauinua.

BaharíaMwekundu
Kutengeneza. Pini ya moto mkuu usiibadilishe peke yake, iondoe kwenye soketi kabisa. Pitisha waya mpya mwekundu kutoka kwenye sakiti breka ya injini (mara nyingi ni ya ampea 50, yenye kitufe) moja kwa moja hadi dashibodi. Kama umbali ni mita 5, na kurudi 5, waya wa mm² 10 utapoteza kama volti 0.2 kwa ampea 10. Mm² 6 utapoteza 0.3, unafaa kwa mzigo wako wa leo, lakini kwa breka ya ampea 50 chukua 10. Waya mweusi wa saizi hiyohiyo utoke kwenye nguzo hasi hadi kipande cha shaba chenye skrubu nyuma ya dashibodi, na erthi zote za geji zifungwe hapo.

Waya uwe wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Ule wa kawaida wa nyumba unanyonya chumvi ndani ya ganda lake kama utambi. Ukitaka kuona, menya ganda la waya wa zamani sentimita tatu: shaba ikiwa nyeusi, kata, menya tena, endelea hadi uone shaba inayong'aa. Wakati mwingine utakata nusu mita nzima. Tamino za pete zibanwe kwa koleo lake, zivishwe mpira wa kubana kwa moto wenye gundi ndani. Kulehemu kwa risasi peke yake hakufai, kunaugandisha waya na mtetemo unaukatia hapohapo.

MzeeWaGati
Ngoja kidogo. Injini ni ya platini. Soketi mbovu ilikuwa inaipa koili volti 12 au pungufu. Ukishatengeneza, koili itapata 13 na ushei. Je, rezista ya koili, ile inayopunguza mkondo wake, bado ipo? Kuna mafundi huiondoa ili boti iwake upesi. Pima ohm za koili kati ya chanya na hasi, waya zake zikiwa zimetolewa.

KasiaMoja
Koili inasoma 1.5. Waya wa zambarau unafika moja kwa moja, sioni rezista yoyote. Kuna alama ya waya uliokatwa.

MzeeWaGati
Basi hiyo uirekebishe kabla ya kuwasha na waya mpya. Volti 13.6 kwa ohm 1.5 ni karibu ampea 9 platini zikiwa zimefunga. Platini zinapenda kama 4. Zitaungua, na koili itachemka hadi ivuje mafuta. Una njia mbili: urudishe rezista ya ohm 1.5 kwenye waya wa zambarau, au ununue koili ya ohm 3 isiyohitaji rezista. Kwa maji ya chumvi mimi napendelea ya pili, kinapungua kiungo kimoja cha kuota kutu. Ukirudisha rezista, hakikisha pia waya mdogo unaotoka kwenye solenoidi kwenda koili upo, ndio unaoipa koili moto kamili wakati wa kustati. Ukikosekana injini itawaka kwa shida betri ikiwa dhaifu. Na injini yoyote inayowaka ukishikilia ufunguo kisha inazima ukiuachia, shuku rezista iliyokatika.

KasiaMoja
Waya mbili mpya za mm² 10 zimepita, koili ya ohm 3 imefungwa. Dashibodi sasa 13.7, erthi 0.05. Geji zimetulia na imevuta saa nzima bila kuzima. Stata imegoma mara moja tu kati ya ishirini. Pia geji ya petroli imelala kwenye sifuri, tangi limejaa.

Volti12
Stata: toa waya mnene wa katikati ya distributa uufunge kwenye erthi ili isiwake, kisha mtu azungushe ufunguo wakati unapima kati ya nguzo mbili nene za solenoidi. Ikizungusha, usome chini ya 0.2. Ikigoma na "tak" huku ukisoma volti 12, sahani ya ndani imeungua, badilisha solenoidi ya boti. Isipopiga hata "tak", tikisa liva ya gia kwenye nyutro: swichi ya usalama ya nyutro huwa inapoteza mguso.

Geji ya petroli: toa waya wa waridi kwenye tangi, na uugusishe kwenye waya wa erthi wa sensa kwa kutumia waya mrefu, ncha ya mwisho uigusishe mbali na tangi. Hizi geji za Kimarekani zinasoma ohm 240 tupu na 33 kujaa, kwa hiyo ukigusisha sindano lazima ipande hadi mwisho. Ikipanda, sensa au erthi yake ndiyo mbovu. Isipopanda, rudi nyuma ya geji ufanye hivyohivyo pale.

KasiaMoja
Imepanda. Erthi ya sensa ilikuwa imeliwa na kutu chini ya skrubu, nimeikwaruza na msasa nikaifunga upya, sasa inasoma vizuri. Solenoidi naipima Jumamosi.