Ushauri: maharage ya ukweni kwangu Mexico yamepooza, na mama mkwe anakuja kesho

Binti wa Chumbageni:
Habari zenu wapendwa. Niko San Antonio, Texas, mume wangu ni mtu wa Monterrey. Kwao kuna maharage ya mchuzi, frijoles charros, ndiyo aliyokuwa akipika marehemu bibi yake mzaa mama. Kesho mama mkwe anakuja na kaomba nimpikie hayohayo. Nimetia maharage ya pinto, yale ya madoadoa, kitunguu, nyanya, pilipili mbichi na kotimiri. Mara tatu wiki hii mchuzi umepooza. Nimekosea wapi?

Kibatari:
Tui la nazi, dada. Tatizo limeisha.

Mama Wawili:
Bibi yangu Pangani alikuwa akiyatokosa jioni nzima kwenye mafiga, magadi kidogo tu, na sahani tulikuwa tunalamba. Mabinti wa leo mna haraka, moto mnafungulia mpaka mwisho.

Fundi Sufuria:
Charros zinaanzia kwenye mafuta. Bekoni inakaangwa mpaka iyatoe, inafuata chorizo, soseji yao ya viungo, humohumo unaunga kitunguu na nyanya, ndipo unamimina maharage yaliyoiva pamoja na supu yake. Kwenye maelezo yako sioni nyama. Umeisahau au umeiacha?

Binti wa Chumbageni:
Nimeiacha. Ni ya nguruwe, na mimi Mwislamu. Nimeshanunua soseji za ng'ombe, nitazikatakata humo. Mama mkwe hajaniuliza, sioni haja ya kumwambia.

Kibatari:
Kumbe shida ni kitimoto! Nazi naifuta, nilikuwa sijajua uzito wa kesi.

Ustaadhi Mpole:
Dada, angalia pia wapo wanaotia bia, hayo wanayaita borrachos. Na mume je, amesilimu?

Binti wa Chumbageni:
Bia sitii. Mume alisilimu kabla ya nikaha. Mama yake hajui. Ndiyo maana nataka yatoke yaleyale: akiikosa ladha ya mama yake ataanza kuuliza, na wa kumweleza si mimi, ni mwanawe. Kasema atamwambia Idi ikifika.

Mama Wawili:
Mwanangu, mkwe hafichwi kitu mezani. Wifi yangu alinificha jambo dogo tu, mwaka wa tisa huu sijakanyaga kwake.

Nondo:
Hii chai. Harusi ya ukoo mzima, mama mtu asijue mwanawe kasilimu? Walikula nini, maji?

Binti wa Chumbageni:
Walikula cabrito, mwanambuzi anayenyonya, kachomwa juu ya makaa. Monterrey hicho ndicho chakula cha heshima. Nani angemuulizia nguruwe siku hiyo? Nikaha tulifunga huku, wiki mbili kabla. Sijaja kuwatungia hadithi, kaka. Nimeamka saa kumi alfajiri kuloweka maharage.

Nondo:
Bado nina shaka.

Fundi Sufuria:
Muacheni apike. Dada, soseji weka pembeni. Chorizo ya Mexico si ile ya Hispania iliyokaushwa, ni nyama mbichi ya kusaga, na kinachoipa jina ni viungo: pilipili kavu za guajillo na ancho, siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba, oregano. Toa mbegu, loweka pilipili kwenye maji ya moto dakika 20, saga, kandia kwenye nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye mafuta, ilale kwenye friji. Moshi wa bekoni utaupata kwenye chipotle, maana ni pilipili ya halapenyo iliyokaushwa kwa moshi. Nyanya zisiguse maharage kabla hayajaiva, uchachu unayakaza.

Binti wa Chumbageni:
Mungu akulipe. Nyama nimeikanda jana usiku, asubuhi hii nimekaanga, na nyumba nzima inanukia kama kwa mama mkwe. Mume kapiga simu, wameshavuka daraja la Laredo mpakani, masaa mawili na nusu wako hapa. Ananiuliza amwambie mama yake humo njiani, au wasubiri ale kwanza. Nimjibu nini? Yuko kwenye laini.