Naombeni ushauri: stovu ya peleti, kioo kinakuwa cheusi na moto umelegea

Wakuu habari zenu, mwenye uzoefu na hizi stovu za peleti (vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) anisaidie. Nipo Maine huku Marekani, tumepanga nyumba ambayo sebule inategemea hiyo stovu na baridi la huku si la mchezo jamani. Sasa tatizo, moto ambao ulikuwa mweupe na mkali siku hizi ni wa rangi ya chungwa, unayumbayumba kivivu, jioni tu kioo kishakuwa cheusi tii na kwenye kile kikombe cha kuchomea kunaganda madongo magumu yanaziba vitundu vya hewa, nayabandua na bisibisi kila asubuhi stovu ikiwa imepoa. Majivu naweka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko na nayatoa nje kabisa maana kaa linaweza kukaa hai humo muda mrefu, kioo nasugua na gazeti bichi nililochovya kwenye majivu yaleyale, kinang'aa kuliko hata dawa za dukani.

Mwenye nyumba anasema ni peleti mbovu, mi sidhani, nimebadilisha aina na hali ni ileile. Nimebana karatasi kwenye mlango wa stovu nikaivuta ikatoka kirahisi, je ile kamba ya kuziba mlango ndo imechoka? Au ni masizi kwenye feni ya kutolea moshi na bomba? Hiyo feni naweza kuifungua mwenyewe au niite fundi? Na vakyumu ya kawaida ya kufyonza vumbi kwa majivu yaliyopoa inafaa kweli au nitaiua?