Kukaa Mikindani siku nne na kutembea kwenye miamba ya pwani: tupangeje?

MwanaMasasi

Wakuu, habari za kazi. Mwishoni mwa Septemba tunashuka Mtwara siku nne: mimi, mke wangu na baba mkwe wa miaka 64. Mzee pumzi anayo, kwenye tambarare anaweza kutuacha, ila magoti hayataki kurukaruka. Wazo letu ni kulala Mikindani kwa sababu ni mji wa zamani na umetulia, asubuhi tutoke kutembea kando ya bahari, hasa pale penye miamba iliyosimama juu ya maji, jioni turudi tule tulale. Gari hatuna.

Naomba kujua: Mikindani panafaa kuwa kituo, au ni bora tukae Mtwara mjini? Upande upi una miamba na upi ni mchanga mtupu? Maji yakijaa njia inakatika? Na viatu je? Kwenye picha naona watu wamesimama ukingoni na kandambili.

Ghubani

Karibuni sana, mkuu. Mikindani panafaa, ila ujue mapema kwamba miamba unayoitaka haiko mlangoni pako. Ghuba ya Mikindani imejifunga, mdomo wake ni mwembamba, na ndani yake ukingo mwingi ni mikoko, tope na mchanga laini. Pazuri kwa macho, kwa matembezi ya miamba hapana. Mwamba wenyewe uko nje, kule bahari kuu inakopiga. Kwa hiyo kila asubuhi mtapanda daladala au bajaji kwenda Mtwara mjini, kilomita 11 hivi za lami, halafu bodaboda au bajaji hadi Shangani, mtaa wa ufukweni wa Mtwara. Barabara hiyo ndiyo ya Lindi, magari hayakosekani mchana. Kurudi usiku ndiko kunakohitaji kupatana na bajaji mapema.

Unachokipata kwa usumbufu huo ni mji wenyewe. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, na Boma la Wajerumani la 1895 lililo mlimani, ambalo liligeuzwa hoteli. Hapo Mikindani ndipo David Livingstone aliposhukia mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Nyuma ya Boma mlima unaendelea kupanda kidogo kidogo, na ukiwa juu unaiona ghuba yote na mdomo wake. Hiyo itunzeni kwa siku ambayo maji ya asubuhi hayawaruhusu kushuka pwani. Ni mwendo ambao mzee ataumudu bila shida.

Kuhusu pande: Shangani ni mwamba mfupi wa matumbawe, mita chache tu kutoka maji hadi juu, umekatwakatwa na vipande vya mchanga. Msangamkuu ni ng'ambo ya ghuba ya Mtwara, unavuka kwa kivuko, na ukishashuka upande unaotazama bahari kuu kuna mchanga mrefu na mwamba unaoanikwa maji yakipwa. Msimbati, kijiji cha pwani kusini zaidi, ni mchanga. Ufukwe wake hauna mfano, lakini mtu akitaka miamba asiende huko akarudi analalamika. Kwa ujumla msitegemee majabali ya kutisha kwa urefu. Uzuri wa pwani hii ni wa karibu, unauona ukiwa umesimama juu yake au chini yake.

Pesa taslimu toeni Mtwara kabla ya kwenda kulala.

MajiNaMwezi

Ghubani kasema vizuri kuhusu mahali. Mimi naongeza kilicho kikubwa zaidi ya mahali, nacho ni maji. Pwani hii haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa maji na upepo. Njia ileile ambayo saa nne asubuhi ni uwanja mpana, saa tisa alasiri ni ukuta wa mwamba na mawimbi, hakuna pa kukanyaga.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kisha siku moja mbili baadaye, ndiyo bamvua: maji yanapwa sana na yanajaa sana. Kwa pwani ya Mtwara, siku za bamvua maji huwa makavu kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa zinageuka: asubuhi ya saa nne au saa tano maji yamejaa, yanapwa alasiri, tena hayapwi sana. Kwa hiyo chukueni kalenda ya mwezi kabla ya kuchukua tiketi ya basi. Kwa Hijria, tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ndizo zenu. Saa kamili zitazameni kwenye jedwali la maji la bandari ya Mtwara, si la Dar.

Mmechagua Septemba, basi jueni pia kwamba bamvua za karibu na Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko za miezi mingine. Faida yake mwamba unaanikwa mbali sana. Hatari yake yakirudi, yanarudi kwa nguvu.

Hesabu ya kurudi kwake ni hii, na inafaa kichwani kwa kila mtu anayetembea chini ya mwamba. Chukua tofauti ya maji makavu na maji yaliyojaa kabisa, igawe mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa linapanda fungu 1, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua yenye tofauti ya mita 3.6 ina fungu la sentimita 30. Maana yake saa ya kwanza yanapanda sentimita 30, mtu anaona kama hayajatikisika. Saa ya pili sentimita 60. Saa ya tatu peke yake sentimita 90, na ya nne hivyohivyo. Mtu anadanganywa na ile saa ya kwanza, anaendelea kupiga picha, halafu anapogeuka kona aliyoipita kwa miguu mikavu sasa ina maji ya kiunoni na wimbi juu yake.

Kwa hiyo ondokeni masaa mawili na nusu kabla ya maji kuwa makavu, tembeeni yanapopungua, na ikifika saa ya kupwa kabisa, popote mlipo, geuzeni. Msiseme tumalize kona moja. Mwendo kwenye mwamba mkali hauzidi kilomita 2 kwa saa, na kwa mzee fanyeni 1.5. Kwenye mchanga mgumu mnaweza kufanya 4. Kabla ya kupita kila ncha ya mwamba, tazameni kwanza mtapandia wapi juu mkibanwa. Kama hakuna kijinjia au mchanga wa kupandia hadi ncha inayofuata, hiyo msiipite baada ya saa ya kupwa.

Upepo: Septemba mwishoni kusi, yaani upepo wa kusini, imeshalegea, na kuelekea Oktoba na Novemba bahari hutulia. Anayekuja Juni hadi Agosti anakuta kusi imeshika, na upande ulio wazi wimbi hupanda hata maji yakiwa yamepwa. Mvua zetu za kusini ni muhula mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo hapo mko salama.

Mpwani_Kusini

Nijibu la kandambili na la ukingo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mwamba huu ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Maji na chumvi vimeuchimba juu mpaka umekuwa meno: vishimo vya ukubwa wa kikombe, na katikati yake ncha zinazokata kama kisu cha jikoni. Kandambili inageuka pembeni, mguu unashuka kwenye kishimo. Yeboyebo ni laini mno, ncha inapenya. Katambuga, kandambili za matairi, haitoboki, lakini vidole na kisigino viko wazi, na ukiteleza mwamba unakula pembeni ya mguu. Vaeni kiatu cha kufunga chenye soli nene ngumu, ambacho hamtakionea huruma kikilowa, pamoja na soksi. Glavu za ujenzi jozi moja kila mtu, kwa sababu anayeanguka hutanguliza viganja. Mzee apate fimbo, tena ndefu ya kumfikia kifuani, aipime kwenye kishimo kabla hajaweka mguu.

Sasa ukingo. Ukisimama chini maji yakiwa yamepwa, utaona kwamba mwamba umeliwa kwa ndani pale maji yanapofika kila siku, juu umebaki umetokeza nje bila nguzo. Sehemu nyingine unaweza kuingia chini yake ukainama, dari ya mwamba ikawa juu ya kichwa chako, ina unyevu, imejaa chaza wadogo wakali na kaa wanaokimbilia nyufani. Huyo anayepiga picha huko juu amesimama juu ya dari hiyo. Kwa hiyo kaeni mita 3 nyuma ya ukingo. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, hata ukiwa mwembamba wa kupitisha wembe tu, kaeni nyuma ya ufa huo. Ukikanyaga ukasikia mlio wa uwazi chini, rudi kwa hatua zilezile ulizokujia. Na mawe makubwa yaliyolala mchangani chini ya mwamba ni dari zilizokwisha kuanguka, msipumzikie kivuli pale.

Kwenye mwamba ulioanikwa msitie mkono vishimoni. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na kuna samaki wa sumu anayefanana na jiwe kabisa. Akimchoma mtu, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, huku mkielekea hospitali. Mkato wa matumbawe uoshwe palepale kwa maji safi na sabuni, mchokoe vipande vyote vilivyobaki ndani, kisha ayodini. Kidonda cha matumbawe kisichooshwa vizuri huwa hakifungi, kinavimba siku ya tatu.

Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kwa nusu siku. Juu ya mwamba hakuna kisima wala kivuli cha maana.

MwanaMasasi

Ahsanteni mno, nimeyaandika yote. Mawili yamebaki. Msangamkuu tunaweza kwenda na kurudi siku moja tukitokea Mikindani? Na je, tukiongeza siku mbili Lindi, kuna cha kutembea?

Ghubani

Msangamkuu ni siku moja, lakini ni siku ya kuamka alfajiri. Daladala ya kwanza kwenda mjini, kisha kivuko. Ulizeni palepale feri kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi, tena mwulize mfanyakazi wa kivuko mwenyewe, msimwulize bodaboda. Siku ya bamvua yenye maji makavu saa nne na nusu mnatakiwa muwe ng'ambo kabla ya saa mbili. Asubuhi hiyo mtawakuta kina mama wakienda kuchokoa pweza mwambani. Wasalimieni, waulizeni njia, na mpite walikopita wao. Wanapoanza kurudi na vifimbo vyao na nyinyi rudini, hata kama saa yenu inasema bado.

Jambo la vibali msilipuuze. Kuanzia rasi ya Msangamkuu kwenda kusini hadi mdomo wa Mto Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kiingilio kipo, lipieni kabla na mchukue risiti. Makombe, kauri na vipande vya matumbawe haviokotwi, hata kilichokufa. Mkiamua kwenda Msimbati kuogelea, bebeni vitambulisho, acheni utani navyo: mnakuwa karibu na mpaka wa Msumbiji na kuna mitambo ya gesi, kwa hiyo pitieni ofisi ya mtendaji wa kijiji mjitambulishe, na msipige picha mitambo wala askari. Kusini zaidi ya hapo, kuelekea mdomo wa mto, msitembee wenyewe.

Mtu_wa_Lukuledi

La Lindi nijibu mimi. Ni kilomita zaidi ya 100 kutoka Mtwara, lami. Mji uko ndani ya ghuba, mahali Mto Lukuledi unapomwaga maji, na ng'ambo ni Kitunda. Mnavuka kwa kivuko kutoka mjini, na ng'ambo vilima vinaanza karibu kabisa na maji, kwa hiyo mnapata kupanda kwa kweli, na ukifika juu ghuba na mji wote uko chini yako. Kwa magoti ya mzee, kupanda kule ni rahisi kuliko mwamba wa Mtwara kwa sababu ni udongo na vijia vya watu wanaokwenda mashambani. Kushuka ndiko kugumu, kokoto zinateleza, apewe fimbo mbili.

Hiyo haitegemei maji, kwa hiyo kama siku zenu nne za Mtwara zinaanza na bamvua, malizieni Lindi maji yanapokuwa mafu. Msigeuze. Mkianza Lindi na bamvua ikaishia huko, Mtwara mtakuta asubuhi zote maji yamejaa.

MajiNaMwezi

Naunga mkono mpangilio huo. Na nyongeza moja kwa MwanaMasasi: mkiwa Mikindani, msivuke mdomo wa ghuba kwa kuogelea wala kwa miguu hata maji yakionekana machache. Ghuba yote inajaa na kumwagika kupitia pale, na saa ya tatu na ya nne ile niliyoieleza ndipo mkondo unapokimbia kuliko wakati wote. Mkitaka kufika upande wa pili, mwombeni mvuvi mwenye mtumbwi awavushe maji yakiwa yamesimama, na mpatane naye kabisa bei ya kwenda na ya kurudi kabla hamjakaa ndani.